Barua Kumi na Nne za Usevya

Jumatatu, 11 Februari 1957

Nimechelewa kupiga kengele tena. Wavulana walikuwa wamejipanga mlangoni wananitazama nikija mbio na ndoo kichwani, maana sikupata nafasi ya kuifikisha nyumbani. Nimeitua darasani nikafundisha kugawanya huku mgongo umelowa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Asubuhi wavulana, thelathini na wanane. Mchana wasichana wangu kumi na mmoja. Jioni watoto wa katekisimu, kwa kuwa katekista mzee macho yamefunga utando na anaona haya kukosea mbele yao. Wavulana wala si wangu. Ni wa Mwalimu Gaspari, aliyekwenda Karema kutibiwa tumbo kabla ya Noeli, akasema wiki mbili tu. Wiki za Mwalimu Gaspari ni ndefu.

Viboko wamepita kwenye mpunga wetu. Mama hawezi kwenda kutazama, miguu imevimba. Nitakwenda mimi. Nani mwingine? Wadogo zangu watatu wote kwa pamoja hawajafika kimo cha jembe.

Sista aliyetufundisha Karema alituagiza tuwe na daftari la kuandika dhambi zetu za kila siku. Ninalo. Ila naandika za wengine.

Jumatano, 13 Februari

Nachukia neno hodi. Leo nimelisikia mara tisa kabla sijala. Mama mmoja anataka kwinini, maana sanduku la dawa la misheni liko chini ya kitanda changu. Jumbe ametuma mtu: niende nikaandike majina ya watu waliofanya kazi ya barabara. Mzee mmoja anauliza kama barua ya mwanawe imefika. Haijafika. Mito imejaa, lori la Mpanda limekwama wiki ya tatu sasa. Jana nilimwambia hivyo hivyo, na juzi.

Wote wanasema neno moja. "Mwalimu, ni kidogo tu." Kidogo chako na kidogo chake, na mimi nina miaka ishirini na mgongo mmoja.

Wanaume waliosoma upande wetu huu wa Usevya wote wako mgodini Mpanda wanachimba madini ya risasi. Wakiwa huko wanaandika barua. Wanamwandikia nani? Mimi, naona. Wake zao hawasomi, mama zao hawasomi. Ndiyo sababu nilimng'ang'ania Padre mwaka mzima mpaka akanipa darasa la wasichana. Alikubali kwa shingo upande. Alisema ni la kujaribia tu, halimo katika orodha ya Serikali, na likileta neno lolote atalifunga.

Msichana wangu Tekla leo amesoma ukurasa mzima bila kuweka kidole. Nilitaka kupiga vigelegele peke yangu. Hilo ndilo jambo la pekee leo lililokuwa langu.

Ijumaa, 15 Februari

Nimelala nimesimama. Nilikuwa naandika ubaoni, chaki mkononi, kisha nikasikia sauti ya Tekla inawasomesha wenzake. Nilipofumbua macho walikuwa mstari wa sita. Walijifanya hawajaona. Nimeona aibu, kisha nikawapenda sana, kisha nikakasirika na sijui nilimkasirikia nani.

Asubuhi nilimwita mdogo wangu kwa majina matatu, hakuna hata moja lililokuwa lake. Chungu kilipasuka, nikakaa chini nikalia kama nimefiwa. Chungu!

Nimemwambia Mama nimechoka. Amesema, "Punda afe mzigo ufike, mwanangu." Anasema kwa upole, anafikiri ananitia moyo. Nani alimwuliza punda?

Jumapili, 17 Februari

Tarishi alifika jana kwa baiskeli, amepakaa matope mpaka masikioni. Barua kumi na nne. Za wiki tatu zote.

Nina njia yangu siku hizi. Zamani nilimsomea kila mtu neno kwa neno, mmoja analia, mwingine anataka kujua kwa nini hakutajwa, jua linazama bado niko na barua ya nne. Sasa nazifungua zote mapema, nazisoma nikiwa jikoni, kisha namwambia kila mtu habari yake kwa kichwa na kumpa karatasi yake. Haraka. Jana nilizisoma zote kumi na nne huku nakoroga ugali. Zote zinaanza vilevile. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, hofu yangu ni kwenu.

Ila moja haikuwa hivyo. Iliandikwa na mtu wa karibu na marehemu. Kifusi kilimwangukia.

Leo baada ya sala walijipanga nje ya kanisa. Nilimweka Skolastika wa mwisho. Nilimshika mikono nikamwambia mumewe Dionisi amefariki. Alianguka pale pale mchangani. Ana mtoto wa miezi minne mgongoni. Wanawake walimpokea mtoto kabla hajagonga chini.

Mimi sikulia. Nilijiuliza tu ni lini nitapalilia. Nimekuwa mtu gani?

Jumatatu, 18 Februari

Matanga. Wamemnyoa Skolastika. Watu wote wamelala kwake, moto nje ya nyumba. Nilipita baada ya katekisimu, nikakaa kidogo, nikaondoka kwa sababu ya Mama. Bibi Maria ndiye anayesimamia vyungu. Yule mama ana nguvu, anapasua kuni kama mwanaume. Anasema ni shukrani, maana mwanawe Aloisi yuko mgodi uleule na yu mzima. Mimi ndiye niliyempa habari. Anakuja Pasaka na blanketi.

Jumbe ametuma tena kuhusu majina ya barabara. Hata matanga hayamzuii.

Jumatano, 20 Februari

Naandika haya kwa sababu nisipoandika nitapiga yowe.

Ndugu za Dionisi walifika leo kutoka Kasansa kwa miguu. Wazee walitaka barua isomwe mbele ya watu wote, ndiyo desturi, ili ukoo usikie kifo kimetoka wapi na pasiwe na maneno. Niliitwa shuleni. Nikaacha wasichana na Tekla, nikaenda. Watu kama sitini. Skolastika akaitoa barua kwenye mto wa mtoto akanipa kwa mikono miwili.

Nikaifungua. "Kwa mke wangu Skolastika. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya. Pasaka nitakuja, nimekwisha kupata blanketi."

Nilisoma mara tatu moyoni. Watu wakingoja. Mzee mmoja akakohoa. Ningeweza kusema uongo. Nilijua maneno ya kifo, nilikuwa nayo kichwani, ningeyasema na hakuna ambaye angejua mpaka Pasaka. Nakiri niliwaza hivyo. Hiyo ni dhambi yangu, Sista, hii moja ni yangu.

Nikasema, "Dionisi hajafa. Nimekosea. Yu hai." Skolastika alinipiga kofi, kisha akanikumbatia, kisha akakaa chini akaanza kucheka akiushika upara wake. Mtani mmoja wa ukoo, Mnyamwezi, akauliza kwa sauti nywele za mke wa watu zitarudishwa na nani. Watu wakacheka. Kicheko kilikatika ghafla, maana kila mmoja alifikia penye jambo lile lile. Kama si huyu, basi ni nani?

Mimi nilikwisha kujua. Nilikumbuka ni nani niliyempa habari za blanketi.

Alikuwa kwenye vyungu. Barua ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yake. Nilimwomba. Akatabasamu, akasema, "Unataka kunisomea tena, mwanangu?" Akaifungua mwenyewe fundo. Nikasoma safari hii neno kwa neno, mpaka mwisho, pale penye moshi. Aloisi. Kifusi. Siku ya tatu ya mwezi uliopita.

Bibi Maria hakupiga kelele. Alikoroga mara mbili tatu, akauweka mwiko chini, akajifuta mikono. Akasema, "Siku tatu nimempikia mwanangu bila kujua." Kisha akaondoka kwenda kwake.

Matanga hayakuvunjika. Yalihama. Watu walichukua moto ule ule, vyungu vile vile, wakavuka njia wakaenda nao kwa Bibi Maria.

Alhamisi, 21 Februari

Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ua wa mabua. Nasikia kila kitu. Nasikia anapomwita mjukuu wake Veronika, mtoto wa Aloisi, aliyeachiwa tangu mama yake afariki. Mtoto ana miaka tisa. Hayupo shuleni. Nilimwomba Bibi Maria mara mbili ampeleke, akakataa, kwamba kitabu cha msichana ni cha kuwashia moto.

Nilikwenda kutoa pole. Hakunitazama. Wanawake wakaninyooshea njia ya kutokea.

Sina la kujitetea. Nimemkosea mama wa watu kosa lisilofutika. Nimeandika hivi kwa herufi kubwa kwenye jalada la ndani ili nisijidanganye baadaye.

Jumamosi, 23 Februari

Barua kutoka kwa Padre. Habari imeshamfikia, mbaya huwa na miguu mirefu. Anasema anaona nimelemewa. Kweli. Anasema anasikitika. Vizuri. Kisha anasema: kwa hiyo darasa la wasichana lisimame, ili nipate nafasi ya wavulana, katekisimu na barua za watu, mpaka Gaspari arudi. Jumatatu Jumbe ataitisha baraza aliseme mbele ya wote.

Nimekaa na karatasi ile mpaka ugali ukaungua.

Yaani nimebeba mizigo saba, nimeanguka, na kati ya yote saba wananitua ule mmoja niliouchukua mwenyewe. Ule ambao ndio unanipa nguvu ya kubeba mingine! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nimechoka, ndiyo. Sijachoka na wasichana. Nimechoka na nyie.

Nimelia kwa hasira. Machozi ya hasira ni ya moto, yanakauka upesi. Jana sikujua hilo.

Jumatatu, 25 Februari

Nimetoka barazani sasa hivi. Niandike kabla sijasahau, maana siku hizi nasahau.

Mama mkwe wa Skolastika alisema kwanza. Niondolewe kabisa, nimemwua mwanawe kwa mdomo. Wengine wakasema hapana, tukimwondoa nani atasoma? Jumbe akasimama. Akasema baraza limeona huruma, mwalimu ni mtoto wetu, amechoka, basi apunguziwe. Wasichana warudi kwa mama zao. Watu wakaitikia kama kanisani. Walikuwa wamefurahi. Walidhani wananipa zawadi.

Nikasimama.

Nikasema kosa ni langu na sitalikana mbele ya mtu. Nikasema wasichana hawasimami. Kinachosimama ni barua. Kuanzia leo sisomi barua ya mtu na siandiki. Kitabu cha majina ya barabara nilikuwa nimekuja nacho, nikakiweka mbele ya kiti cha Jumbe. Ufunguo wa sanduku la dawa nimempa mke wa katekista, ambaye anazijua dawa kunishinda. Anayetaka barua isomwe, wako wasichana kumi na mmoja wanaosoma polepole kama kinyonga, lakini wanasoma. Na anayetaka ya nyumbani kwake isitoke nje, alete binti yake nimfundishe.

Jumbe akasema, "Wewe mtoto wa juzi, unatuwekea masharti?"

Nikasema ndiyo. Sikuongeza "shikamoo" wala "samahani". Nilisikia Mama akivuta pumzi nyuma yangu.

Kelele. Mmoja akasema hao ndio wasichana waliosoma, yeye alionya tangu zamani. Mwingine akasema nipigwe viboko. Jumbe akainua mkono, nikajua anataka kukata shauri, nikajua nimeshindwa.

Bibi Maria akasimama. Hakuwa ametoka kwake tangu Jumatano. Kichwa kimenyolewa, kaniki. Baraza lote likamgeukia, maana yeye ndiye mwenye haki ya kuniangamiza.

Alisema, "Mimi sijamsamehe huyu. Msimsamehe kwa niaba yangu. Lakini habari za mwanangu sitazisikia tena kwa mdomo wa mtu. Kesho Veronika anakwenda shule." Akamgeukia Jumbe. "Ukilifunga darasa, utakuja wewe mwenyewe kunisomea, kila barua, uani kwangu."

Jumbe hajui kusoma. Kila mtu anajua, na hakuna aliyewahi kulisema. Akashusha mkono. Akasema shauri hili lipelekwe kwa Padre.

Jumanne, 26 Februari

Veronika amekuja. Alikaa nyuma. Nimempa kibao cha kuandikia.

Nimemjibu Padre. Mistari miwili. Kwamba darasa la wasichana likisimama, nami nasimama, na wavulana wake thelathini na wanane atawafundisha mwenyewe. Niliiandika kwa herufi nzuri kabisa, zile alizotufundisha Sista. Nikamkabidhi tarishi kabla moyo haujageuka.

Mama haongei nami. Naogopa. Lakini nimelala mchana, kwa mara ya kwanza tangu Noeli, na mtu alipobisha hodi sikuitikia. Alibisha, akabisha, akaenda. Dunia haikupasuka.

Jumanne, 2 Aprili

Padre amekuja kwa pikipiki. Aliingia darasani, akahesabu wasichana kwa kidole. Kumi na tisa. Akamwita Tekla asome. Akasoma. Akamwita mwingine. Akatoka akaniambia nimekonda. Kuhusu barua yangu hakusema neno, na mimi sikumkumbusha. Kimya chake nimekihesabu kuwa ndiyo.

Lakini si asali tupu. Mama yake Tekla amelalamika kwamba binti yake sasa ndiye anayeitwa kila nyumba, hapati nafasi ya kutwanga. Nimeshtuka sana. Nimewakalisha wasichana wote chini nikawaambia: barua mbili kwa siku, si zaidi, na kusema leo hapana ni haki yenu. Nimewasomesha kwa pamoja. "Leo hapana." Mara ya kwanza walinong'ona. Nikawarudisha mpaka wakapiga kelele, na wavulana wakaja kuchungulia dirishani.

Jumanne, 23 Aprili

Dionisi yuko nyumbani. Amekuta mke ana nywele fupi kama mvulana na kijiji kizima kinamwita Marehemu. Anaitikia. Amekuja na blanketi, kweli, na amekuja kunisalimu. Nilitaka kumwomba radhi, akanikatiza. Amesema ni mtu gani mwingine aliyewahi kusikia jinsi atakavyoliliwa? Kisha uso ukabadilika. Aloisi alikuwa rafiki yake, walilala chumba kimoja. Amekwenda kwa Bibi Maria na hakutoka mpaka jua lilipozama.

Dada wawili wa Dionisi wataanza shule.

Bado nayachanganya majina ya wadogo zangu nikiamka. Si kila siku.

Jumapili, 4 Agosti

Mpunga umekwisha kuingizwa ndani. Mwalimu Gaspari alirudi Juni, mwembamba, akawachukua wavulana wake bila kusema asante. Sikuidai.

Leo baada ya sala nimetandika mkeka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli. Sikuwa na kazi. Zilikuwepo, ila sikuwa nazo.

Nikasikia Veronika upande wa pili wa ua. Barua imewafikia jana kutoka kwa wachimbaji waliomzika baba yake. Bibi Maria hajanisalimu tangu Februari, na leo kanisani alinipita vilevile. Mtoto alikuwa anamsomea kwa sauti, anavuta kila neno kama anayevuta kamba ya kisimani. Kaburi liko nyuma ya kanisa la mgodi. Wameweka msalaba. Wameandika jina. Kisha akakwama. "Tumemz... tumemz..."

Nililijua neno. Tumemzungushia mawe. Ningelisema nikiwa nimelala pale pale na lingefika. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikaufunga.

Akajaribu tena. Akanyamaza. Bibi yake hakumharakisha. Nikasikia kuku, nikasikia mtu mbali anatwanga. Kisha mtoto akalisema lote, pole pole, mawe na yote.

Bibi Maria akasema, "Endelea."

Nikajigeuza upande wa pili, nikalala mpaka jua likaanza kushuka.